Nyota Inayobadilika kila Wiki

Mwezi huu tuyaache kidogo mambo ya homa na uji wa lishe. Chukueni mkeka, mwite baba watoto na watoto wenyewe, tutoke uani tukatazame juu.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba nyota ni zile zile siku zote. Wazee wetu walikiangalia kilimia ili wajue majira ya kulima, nacho hakikuwaangusha, kwa kuwa hurudi kila mwaka kwa wakati wake. Lakini zipo nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua. Nyingine huchukua karibu mwaka mzima, nyingine siku chache tu. Leo tuichukue moja iitwayo Eta Aquilae, iliyo katika kundi la nyota la Tai. Yeye huchukua siku 7 na saa 4 hivi kutoka kung'aa sana, kufifia, hadi kung'aa tena.

Aliyegundua jambo hili ni Edward Pigott, mwaka 1784, katika mji wa York, Uingereza. Alikuwa na rafiki kijana, John Goodricke, ambaye mwaka huo huo aligundua nyota nyingine ya aina hiyo, Delta Cephei. Goodricke alikuwa kiziwi tangu utotoni. Mwaka 1783, akiwa hajatimiza miaka 20, alikwisha kupewa nishani ya Copley na chama cha wanasayansi cha Royal Society cha London kwa kazi yake juu ya nyota iitwayo Algol. Alifariki mwaka 1786 akiwa na miaka 21 tu. Mama mwenye mtoto asiyesikia, naomba usome habari hii mara mbili, kisha msimulie mwanao kwa ishara mnazozielewa.

Sasa, tutaionaje? Kwetu Tanzania, Tai huonekana jioni kuanzia Julai hadi Novemba. Katikati ya Septemba, kama saa 2 usiku, huwa karibu na utosi. Elekea kaskazini, kisha inua uso juu sana. Utaona nyota kali yenye nyota mbili ndogo, moja kila upande, kama mama aliyeshika watoto wawili mkononi. Huyo mama ni Altair. Mtoto wa chini, anayeng'aa zaidi, ni Tarazed. Wa juu, aliye hafifu, ni Alshain. Huyo mkumbuke, kwa sababu ndiye kipimo chetu. Toka Altair, pita karibu na Alshain, panda zaidi kuelekea utosini. Nyota utakayoikuta, iliyo kati ya nyota mbili zinazoizidi kidogo mwanga, moja kulia na moja kushoto, ndiyo Eta Aquilae.

Penye giza la kutosha macho matupu yanatosha. Mjini penye taa nyingi utahitaji darubini ndogo ya macho mawili, kama zile wanazobeba watu wa hifadhi za wanyama. Iliyoandikwa 7x50 au 10x50 inafaa sana: namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Lala chali juu ya mkeka ili shingo isiume na mikono isitetemeke. Subiri kama dakika 20 macho yazoee giza. Vaeni nguo za mikono mirefu, maana mbu nao wapo kazini. Na onyo kwa watoto: darubini haielekezwi kwenye jua kamwe. Jicho linaweza kupofuka mara moja.

Kazi yenyewe ni ndogo. Iangalie Alshain, kisha Eta, kisha rudi kwa Alshain. Jiulize: leo Eta inamzidi, inalingana naye, au imepungukiwa? Inapong'aa sana humzidi Alshain kidogo. Inapofifia huwa hafifu kuliko yeye, waziwazi kabisa. Andika kwenye daftari tarehe, saa, na ulichokiona. Usifungue kwanza ukurasa wa jana, na usiandike unachotegemea kukiona. Kila mtoto aandike lake bila kuchungulia la mwenzake, halafu mlinganishe. Kama mmetofautiana, hakuna mwenye kosa. Tazameni tena kesho.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie, mama. Tuseme una shughuli nyingi, ukaamua kuitazama nyota hii kila Jumapili tu, saa 2 usiku, baada ya chakula. Kwa kuwa safari yake ni siku 7 na saa 4 hivi, kila Jumapili utaikuta karibu pale pale ulipoiacha. Baada ya wiki 4 utakuwa umesogea saa 17 tu katika safari ya siku 7. Unaweza kuapa kwamba nyota hii haibadiliki, kumbe katikati ya wiki ilififia na kuwaka tena bila wewe kujua. Lakini ukitazama Jumapili, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, ndani ya wiki mbili daftari lako litakuonyesha: hupanda upesi, kwa siku 2 na kidogo, kisha hushuka polepole kwa siku karibu 5.

Kwa nini hubadilika? Ni nyota kubwa kuliko jua letu makumi ya mara, nayo hutanuka na kusinyaa kama kifua kinachopumua. Fikirini sufuria yenye kifuniko. Ndani yake mna tabaka la gesi ambalo likibanwa huzuia joto lisitoke. Joto likijaa huisukuma nyota itanuke. Ikishatanuka joto hupata njia ya kutoka, nyota husinyaa, na mambo huanza upya.

Msidhani huu ni mchezo wa watoto tu. Huko Marekani, Henrietta Leavitt, binti wa mchungaji, alifanya kazi katika kituo cha nyota cha Harvard, naye pia alipungukiwa na uwezo wa kusikia. Kwa kulinganisha picha za nyota za namna hii, mwaka 1912 alionyesha kwamba kadiri nyota inavyochukua siku nyingi kumaliza safari yake, ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkubwa. Kwa kanuni hiyo wanasayansi walipata kipimo cha umbali, na katika miaka ya 1920 Edwin Hubble akaitumia kuonyesha kwamba Andromeda iko mbali kabisa nje ya kundi letu la nyota. Yote yalitokana na mwanamke aliyelinganisha kwa makini na kuandika kila alichokiona.

Mimi ni muuguzi, na nikiliona daftari la nyota naikumbuka kadi ya kliniki. Uzito wa siku moja hausemi mengi. Nukta zikiunganishwa ndipo mstari huonekana, kama unapanda, umelala, au unashuka. Mara nyingi mama huniambia, "Mtoto alikuwa mzima, ameanza juzi tu," nami nikifungua kadi naona mstari umelala miezi mitatu. Si kwamba hampendi mwanawe. Humwona kila siku, lakini hakuna alichokiandika wala kukilinganisha, na macho huzoea. Ndivyo ilivyo hata kwa binti aliyeacha kucheka, au baba watoto anayekula nusu sahani. Mabadiliko ya polepole huonwa na yule anayetazama mara kwa mara na kukumbuka alivyoona jana.

Basi, nunueni daftari moja la shule. Kurasa za mbele ziwe za nyota, za nyuma ziwe za uzito wa watoto. Chama cha Marekani kiitwacho AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea taarifa za nyota hizi kutoka kwa watu wa kawaida wa nchi yoyote, kwa hiyo daftari la mbele laweza kusaidia wataalamu. La nyuma lina faida kwenu nyumbani. Usiku mwema, akina mama, na mbingu ziwe wazi.