Nyonga bandia: mnunuzi aulize mshiko kabla ya bei

Nyonga bandia ya titani iliyopakwa haidroksiapatiti huuzwa kwa hoja moja: mfupa huishika vizuri bila saruji. Hoja hiyo ina msingi. Madini hayo ni ya jamii ileile inayoupa mfupa ugumu wake, na daktari Ronald Furlong alianza kuwawekea wagonjwa nyonga za aina hiyo mjini London mwaka 1985.

Lakini faida na hasara zote zimo katika tabaka jembamba kuliko milimita moja. Unga wa madini hurushwa juu ya titani kwa moto wa plasma unaozidi nyuzi 10,000 za Selsiasi. Moto ukikosewa, tabaka huyeyuka mapema mwilini au hubanduka, na mgonjwa huweza kurudishwa kwenye upasuaji.

Kwa hiyo anayeagiza bidhaa hizi kwa kufuata bei ya chini tu anauweka mtaji wake rehani. Kabla ya kulipa, adai cheti cha kipimo cha mshiko: kiwango cha kimataifa cha ISO 13779 kinataka usipungue megapaskali 15. Muuzaji asiye na cheti aachwe na mzigo wake. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.