Usiku Mmoja Hautoshi Kupanda Mlima Kenya

Wasee, tuongee ukweli kuhusu hizi safari za wikendi za Mlima Kenya. Unazijua. Mnatoka Nairobi Ijumaa jioni, mnalala kidogo Met Station, Jumamosi mnatembea hadi Mackinder's, saa nane usiku mnaamshwa, jua likichomoza uko Point Lenana na bendera. Jumapili usiku uko kwa foleni ya Thika Road, unachagua picha za kuposti. Bei poa, kontenti kali. Mimi nasema hiyo ni kamari, na wanaotuuzia wanajua.

Piga hesabu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, Lenana ni 4,985. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku kwa mahali unapolala. Met Station ni kama 3,050, Mackinder's ni 4,200. Hapo tu umeruka zaidi ya mara mbili ya kiwango, na bado hujaanza kupanda usiku. Huko juu kila pumzi inakupa oksijeni nusu na kidogo ya ile ya Mombasa.

"Lakini mimi niko fiti, nakimbia Karura kila Jumamosi." Sawa, hongera. Ugonjwa wa mwinuko haujali. Tena walio fiti ndio hukimbilia juu haraka, mwili ukiwa bado haujazoea.

Kichwa kuuma na kutapika ni onyo. Ukianza kuyumba kama mlevi, au kukosa pumzi hata umekaa, unashuka. Saa hiyo hiyo, hata kama kilele unakiona. Sasa niambie kwa nini kila kundi lina mtu wa kusema "kaza, bado kidogo tu". Kukaza ni kwa mtihani, si kwa ubongo unaovimba.

Na huu ni Aprili. Mvua ya masika huku chini, kule juu ni theluji. Inafunika njia ya changarawe, usiku, na watu wamekuja na raba za mtaani na jinzi. Jinzi ikilowa inakunyonya joto lote, manze.

Najua pesa ni ngumu, na kila siku ya ziada mlimani ni gharama. Basi weka akiba upande kwa siku nne au tano, upitie Sirimon pole pole. Kama una wikendi pekee, Longonot iko, na picha zake si mbaya.

Ila kabla ya kulipa yeyote, uliza swali moja: nikiugua njiani, nani atashuka na mimi? Nimeuliza kampuni moja kwa simu. Wana mwongozaji mmoja kwa watu kumi na tano. Nikaambiwa mgonjwa huwa anangojea hapo kwa mawe hadi wenzake warudi.

Saa kumi usiku, kwa theluji, peke yake.