Kundi la Tatu

Ndugu msomaji, tunaposoma habari za mashindano ya kandanda ya kimataifa, macho yetu hukimbilia fainali. Nani kanyakua kombe, nani katoka uwanjani analia. Majedwali ya makundi ya awali tunayaruka, hasa yakiwa ya akina mama. Leo nakuomba tuketi pamoja tulitazame jedwali moja la zamani, ambalo hata huko lilikotoka ni wachache wanaolikumbuka. Ni jedwali la Kundi la Tatu la mashindano ya kwanza ya wanawake wa Ulaya, lililochezwa kati ya mwaka 1982 na 1983. Timu zake zilikuwa nne: England, Scotland, Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland.

Mashindano yenyewe hayakupewa heshima kubwa. Nchi 16 tu ndizo zilizoingia, na kwa kuwa idadi hiyo haikufikia nusu ya wanachama wa UEFA, chama kinachosimamia kandanda ya Ulaya, hayakuitwa ubingwa kamili. Kila kipindi kilikuwa cha dakika 35 badala ya 45, na mpira ulikuwa namba 4, ule wanaochezea watoto. Nadhani waliopanga hivyo hawakupata kumwona mwanamke akipandisha ndoo ya maji hadi ghorofa ya tatu, bomba la juu likiwa limekauka.

Na tukumbuke wanawake hao walikuwa wametoka wapi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wanawake wa viwandani Uingereza waliunda timu zao. Mashuhuri kupita zote ilikuwa ya kiwanda cha Dick, Kerr mjini Preston. Tarehe 26 Desemba 1920, timu hiyo ilipocheza na wenzao wa St Helens katika uwanja wa Goodison Park, Liverpool, watazamaji walikuwa 53,000. Walikuwa wafanyakazi kama wewe na mimi, na fedha za viingilio zilikwenda kwenye shughuli za hisani. Haukupita hata mwaka mmoja: Desemba 1921 chama cha kandanda cha England kilizikataza klabu zake kuwapa wanawake viwanja, kwa hoja kwamba mchezo huo hauwafai. Marufuku hayo yalidumu karibu miaka 50, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kwa hiyo timu hizo nne zilipokutana mwaka 1982, hazikuwa zimerithi kitu. Wachezaji hawakuwa na mshahara wa kandanda. Walikuwa na kazi zao za kila siku, na mpira ulingoja jioni na mwisho wa juma. Timu ya England ilikuwa chini ya chama cha wanawake wenyewe, maana chama kikubwa cha nchi hakikuichukua mpaka mwaka 1993.

Makundi yalikuwa manne, na ukiyatazama utaona ujirani ndani yake. Sweden iliwekwa pamoja na Norway, Finland na Iceland. Timu za visiwa vya Uingereza na Ireland zikawa zenyewe. Kila timu ilicheza na kila mwenzake nyumbani na ugenini, mechi sita kwa jumla, na mshindi mmoja tu wa kundi ndiye aliyekwenda nusu fainali.

England ilishinda zote sita. Ilifunga mabao 24 na kufungwa moja tu. Na bao hilo moja, ndugu msomaji, lilifungwa na Ireland ya Kaskazini katika mchezo wa kwanza, mjini Crewe, siku walipochapwa 7–1. Scotland haikuweza kupata bao mbele ya England, wala Jamhuri ya Ireland, ingawa huko Dublin Waireland walijihami hata wakafungwa 1–0 tu. Waliporudiana mjini Reading mwaka uliofuata, walifungwa 6–0.

England iliendelea hadi fainali ya Mei 1984. Pia Sundhage aliifungia Sweden bao moja mjini Gothenburg, Linda Curl akalirudisha mjini Luton katika uwanja uliojaa matope, na Sweden ikashinda kwa penalti 4–3. Hiyo ndiyo sehemu inayosimuliwa. Mimi nawatazama wale watatu waliobaki nyuma. Je, kushindwa kwao kulikuwa kazi bure?

Nasema hapana, na sababu ni huo mpango wa kundi. Aliyechapwa 7–1 hakufungasha virago. Alikuwa na mechi tano mbele yake. Kocha aliona nani anakimbia na nani anasimama. Beki aliyekosea Septemba alipewa nafasi ya kujirekebisha kabla mwaka haujaisha. Katika mtoano wa nyumbani na ugenini, timu ile ile ingecheza mara mbili, kisha jezi zingefuliwa na kukunjwa.

Sisemi kwamba mechi sita za wakati ule ndizo zilizowafikisha wote walikofika baadaye. Safari ilikuwa ndefu mno. Lakini walifika. Scotland ilicheza Kombe la Dunia mwaka 2019. Ireland ya Kaskazini ilicheza fainali za Ulaya mwaka 2022, ikakutana tena na England, ikafungwa 5–0. Oktoba 2022 Jamhuri ya Ireland ilikwenda Glasgow, ikaifunga Scotland, jirani yake wa Kundi la Tatu, bao 1–0 lililofungwa na Amber Barrett, ikapata tiketi yake ya kwanza ya Kombe la Dunia.

Kundi nalo lina aibu zake. Novemba 2021, katika kundi la kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, England iliifunga Latvia 20–0. Sijui mtu anajifunza nini baada ya bao la kumi. Lakini Ulaya haikuvunja makundi kwa sababu hiyo. Tangu mwaka 2023 imekuwa na mashindano mengine ambamo timu hupangwa kwa madaraja, wanaolingana wakacheza pamoja, anayefanya vizuri akapanda.

Sasa turudi nyumbani. Twiga Stars wetu walitafuta nafasi ya fainali za Afrika mwaka 2023 kwa njia ya mtoano. Walifungwa 2–0 na Ivory Coast ugenini, wakarudisha 2–0 pale Chamazi, wakashinda kwa penalti. Kisha waliifunga Togo 3–0, wakafungwa 2–0 huko Lomé, wakafuzu. Tulishangilia, na tulistahili kushangilia. Lakini hebu igeuze hesabu. Penalti zile zingekwenda upande wa pili, mabinti wetu wangekuwa wamecheza mechi mbili, basi. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale wa Ivory Coast.

Najua jibu litakalotolewa: nauli. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Afrika Magharibi si bei ya daladala. Lakini ndiyo maana nimelileta jedwali hili la majirani. Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi zinaweza kufikiana kwa basi. Mechi sita kwa kila timu, na mshindi ndiye apandishwe ndege.

Nawe, ndugu mzazi, binti yako akija kukuomba nauli ya mashindano ya mtaa, muulize kwanza kama ni mtoano au ni makundi. Akikujibu ni kundi la timu nne, mtengee nauli ya kwenda na kurudi mara tatu, hata kama atarudi mara ya kwanza amefungwa saba.