Bandari Hupimwa kwa Meli Zinazorudi

Mkulima wa kahawa wa Ugweno, katika milima ya Upare ya Kaskazini, huenda hajapata kuiona bahari. Hata hivyo, sehemu ya bei ya kahawa yake huamuliwa pwani. Ndivyo ilivyo pia kwa mkonge wa Kisangara.

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita Same na Mwanga, ikafika Moshi mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza iliunganishwa na reli ya Mombasa kwa njia ya Voi, Taveta na Kahe. Mwaka 1963 kiungo cha Ruvu na Mnyusi kiliifungulia njia ya Dar es Salaam. Hivyo shehena ya Upare ina milango mitatu ya kutokea, na Tanga, ambayo ndiyo ya kwanza, haikubaki kuwa chaguo la kila mwenye mzigo.

Sababu iliyozoeleka kutajwa ni kina cha maji. Kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na gati la Tanga, na shehena ikavushwa kwa matishari, yaani ikabebwa mara mbili. Kazi iliyoanza mwaka 2019 imechimba lango la bandari na kujenga gati lenye urefu wa mita 450 na kina cha mita 13. Je, hayo yanatosha? La, hayatoshi.

Ufanisi wa bandari hautokani na kina na winchi peke yake. Unategemea pia mtandao wa safari za meli zenye ratiba. Tangu mwaka 2004 shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, hupima mtandao huo kwa kuangalia, miongoni mwa mambo mengine, idadi ya meli zinazofika, uwezo wake wa kubeba, idadi ya kampuni na ukubwa wa meli kubwa kupita zote. Maana yake ni rahisi kufahamu. Gharama ya gati, winchi na wafanyakazi haipungui siku ambayo hakuna meli. Meli zikiwa chache, kila tani hubeba mzigo mkubwa wa gharama hiyo, na tajiri wa kahawa hungoja au hupeleka magunia yake bandari nyingine. Shehena ikihama, kampuni za meli nazo hupunguza safari. Huo ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Hata hivyo, wingi wa meli nao una hasara yake. Wanafunzi wa hisabati wanaweza kulithibitisha jambo hili. Tuchukue gati moja ambalo huhudumia meli kwa wastani wa siku moja, na meli zinafika bila mpango, na muda wa kupakua hubadilika-badilika. Gati likishughulika nusu ya wakati, meli itangoja wastani wa siku 1. Likishughulika asilimia 80, itangoja siku 4. Na kwa asilimia 90, siku 9. Kazi imeongezeka kidogo tu kutoka 80 hadi 90, lakini foleni imezidi maradufu. Kwa hiyo winchi isiyopumzika si lazima iwe dalili ya ufanisi. Huenda ikawa dalili ya meli zinazosota nje ya lango.

Somo linalopatikana hapa ni kwamba ratiba ni chombo cha kazi kama winchi ilivyo. Meli ndogo inayofika Tanga kila wiki kwa siku inayojulikana, ikapeleka makontena kwenye bandari kubwa ili yahamishiwe katika meli za mbali, yaweza kumfaa mkulima kuliko meli kubwa inayokuja kwa bahati. Treni nayo haina budi kufuata siku hiyo, kwani meli isiyokutana na treni huacha shehena ikilala ghalani.

Fedha nyingi zimekwisha kutumika katika kuchimba bahari. Zitakuwa zimepotea ikiwa mafanikio yatahesabiwa kwa mita za kina peke yake. Kipimo cha haki ni hiki: gunia lililoondoka Mwanga lilikaa siku ngapi kabla ya kupanda melini? Siku hizo zikipungua, mkulima wa Ugweno ataujua ufanisi wa bandari, hata asipoiona bahari maishani mwake.