Teatri ya chuo kikuu: mgonjwa wa akili si kichekesho

Kila mwaka wa masomo, vikundi vya teatri vya vyuo vikuu vinaketi kuchagua mchezo wa mwaka. Huku Kivu, Bukavu kama vile Goma, neno afya ya akili sasa linaingia katika vikao hivyo. Ni jambo jema, tena limechelewa. Lakini shauri linaharibika pale mtu anapoinua mkono na kusema: « Kwa nini tujisumbue? Tuko na Molière. » Kitabu kiko, Kifaransa chake kinapendwa na maprofesa, na watu watacheka. Anataka *Le Malade imaginaire*, mchezo wa mtu anayejiwazia ugonjwa.

Basi na iulizwe wazi: nani ataketi mbele ya jukwaa hilo?

Ataketi mama mkimbizi wa vita. Mwanzoni mwa mwaka 2025, kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, ziliondolewa watu. Kuna waliorudi vijijini na kukuta nyumba haipo, na kuna waliobaki mjini, katika jamaa za wapokezi, watu kumi katika chumba kimoja. Mama huyo halali usiku. Mlango ukigongwa, moyo unamruka. Alienda kituo cha afya, akasema kichwa kinauma na mwili unawaka. Akapewa parasetamo na kuambiwa hana ugonjwa, aache mawazo mengi. Leo ameitwa kutazama mchezo wa afya ya akili. Anamuona Argan, mtu mwenye feza, kitanda na mtumishi, anajiita mgonjwa huku ukumbi mzima unamcheka. Mama atarudi nyumbani na fundisho gani? Kwamba waliomwambia « unajiwazia tu » walisema kweli.

Molière hana kosa. Aliandika mwaka 1673 ili kuwachapa waganga wa Ufaransa waliokula feza za watu kwa kusema Kilatini. Tena historia yake yenyewe inawapinga wanaotaka kumtumia vibaya. Yeye ndiye aliyeigiza Argan, na alikuwa mgonjwa kweli wa kifua. Tarehe 17 Februari mwaka ule, katika onyesho la nne, alizidiwa, na usiku uleule akafa. Watu walikuja kumcheka mgonjwa wa uongo, kumbe mbele yao kulikuwa mgonjwa wa kweli. Hilo ndilo linalotokea kila siku mitaani.

Wengine watasema: basi tuchukue mchezo mzito. Watataja *Woyzeck* wa Georg Büchner, askari maskini anayesikia sauti, anayelishwa njegere na daktari anayemfanyia majaribio, na mwishoni anamuua mama wa mtoto wake. Ni kazi kubwa, na daktari yule anastahili kulaumiwa. Lakini katika mji ambamo kijana anayezungumza peke yake anatupiwa mawe, mtazamaji atabeba kitu kimoja tu: kichaa anaua. Ukweli wa mitaa ni mwingine. Mara nyingi mwenye ugonjwa wa akili ndiye anayepigwa, anayefungwa kamba, anayebakwa usiku sokoni.

Kuna shauri la tatu, nalo linaonekana kuwa la huruma: wakimbizi wenyewe wapande jukwaani, waeleze yaliyowapata. Hapana. Anayefungua kidonda chake mbele ya watu mia tatu atapigiwa makofi, kisha atarudi kulala peke yake na kidonda wazi. Wanafunzi watapata sifa, yeye atapata ndoto mbaya.

« Lakini watu wamechoka na machozi », watajibu. Ni kweli, nao wana haki ya kucheka. Swali ni kumcheka nani. Achekwe jirani anayejua kila mtu amelogwa na nani. Achekwe mchungaji wa chumba cha sala anayemfunga kijana mnyororo na kumdai mama yake mbuzi. Achekwe mjomba anayesema mwanaume hali machozi, halafu kila jioni anayanywa katika chupa ya kasiksi. Yule anayeumwa asichekwe.

Mchezo unaofaa hauko mbali. Mbrazili Augusto Boal alionyesha njia katika miaka ya 1970: jamaa moja, tatizo moja, na kabla halijafunguka mchezo unasimama, watazamaji wanaulizwa wao wangefanya nini, na anayetaka anapanda kuigiza jibu lake. Kijana ameacha kusema tangu walipokimbia. Baba anataka chumba cha sala, nyanya anataka mganga, dada anataka hospitali, na feza ya teksi haipo. Kila jamaa ya wakimbizi inaujua mgogoro huo. Uandikwe pamoja na wauguzi wa magonjwa ya akili, na uwe kwa Kiswahili. Mchezo wa Kifaransa juu ya mateso ya watu wasiojua Kifaransa ni mtihani wa chuo, hauwafikii.

Na masharti yawepo. Mlio wa bunduki usisikike, hata wa ngoma. Kuna watu ukumbini watakaolala chini ya viti. Muuguzi akae karibu na mlango kwa atakayetoka analia. Mwishoni itajwe mahali pa kupata matunzo: Bukavu iko SOSAME, Goma iko Tulizo Letu.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika nchi zenye vita, karibu mtu mmoja kati ya watano ana tatizo la afya ya akili. Katika ukumbi wa watu mia tatu, hao ni karibu sitini. Wengine wao watakuwa jukwaani, maana wanafunzi pia walikimbia, walizika, na waliendelea na mitihani kama vile hakuna kitu.

Wanaochagua mchezo wa mwaka huu wahesabu viti hivyo sitini kwanza, ndipo wafungue kabati la vitabu.