Sheria ya maji iko, maji haiko: nani anajibu?

Goma, 22 Machi 2022



Leo dunia inaadhimisha Siku ya Maji. Sisi hapa Goma tumeiadhimisha saa kumi na moja ya asubuhi, bidon mkononi, tukishuka ku ziwa. Tunaishi kando ya Ziwa Kivu, lakini mama na watoto wanabeba litri 20 mgongoni juu ya mawe ya volkano. Mwenye feza anamulipa mutu wa chukudu. Asiye nayo anakunywa ile ameteka, na kolera haiko mbali.

Watatuambia ni juu ya lava. Ni kweli, tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilikata mabomba ya maji. Lakini bidon hazikuanza siku ile.

Wengi kati yetu tumemaliza univ na hatuna kazi, basi muda wa kusoma sheria tuko nao. Katiba, kifungu cha 48, inasema haki ya kupata maji safi imehakikishwa. Kisha kuna Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015. Tangu wakati wa ukoloni, maji ya mijini ilikuwa mkononi mwa Regideso, na maamuzi makubwa yalitoka Kinshasa. Sheria hii ilimaliza ukiritimba huo. Huduma ya maji ikapewa majimbo na mamlaka za chini: mji, komini, sekta, chefferie. Maana yake, hatuna tena sababu ya kungojea Kinshasa peke yake. Wakubwa wa hapa pia wanapaswa kujibu.

Lakini wa hapa ni nani? Goma imekua mpaka imevuka mpaka wake. Ukipanda kuelekea Munigi ao Buhene, nyumba zinafuatana, hauoni mahali mji unaishia. Kumbe kwa karatasi uko tayari katika territoire ya Nyiragongo, chefferie ya Bukumu. Bomba inapita pande zote mbili. Ikipasuka, unauliza ofisi hii, wanakutuma ile. Ile nayo inakurudisha kwa ya kwanza. Na siku inapita bila maji.

Mambo kama haya yangeamuliwa na sheria ya jimbo, ile inaitwa édit: nani anasimamia eneo gani, anaweza kupanga bei, anatoa hesabu kwa nani. Edit inapigiwa kura na wabunge wa jimbo. Lakini tangu état de siège ianze Mei 2021, Bunge la jimbo limesimamishwa. Kwa hiyo sheria ya Kinshasa imetupa mamlaka, na sisi hatuna mlango wa kuitumia.

Tunadai mambo matatu:

1. Wakubwa wa jimbo watangaze, kata kwa kata, nani anajibu juu ya maji, mjini na katika Nyiragongo.
2. Feza zote za kutengeneza mabomba baada ya lava zionyeshwe kwa raia: ngapi ziliingia, zilifanya nini, wapi.
3. Bunge la jimbo lirudi kazini, na édit ya maji iwe kati ya kazi zake za kwanza.

Na wewe unayesoma: leo jioni, uliza chef wa avenue yako swali moja tu. Maji yetu iko mkononi mwa nani? Andika jibu, utuletee. Tutayaweka pamoja na kuyapeleka ku ofisi ya gavana, kwa amani, na bidon zetu tupu.