Barua ya wazi kwa Gavana wa Mombasa: vyumba vya Mji wa Kale

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kutoka Chewele, Kaunti ya Tana River. Mimi si mpiga kura wako, lakini watu wetu ni wapangaji wa mji wako. Mgonjwa huku hupewa rufaa ya Hospitali Kuu ya Pwani. Kijana akipata nafasi Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hupanda basi linalopitia Garsen na Malindi. Kila mmoja hutafuta chumba cha kupanga, na baadhi yao huelekezwa Mji wa Kale na kando yake, Kibokoni, Kuze au Makadara, kwa jamaa wa jamaa.

Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1990, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi papo hapo. Milango ya nakshi na roshani vimepata watetezi. Ombi langu ni kwa ajili ya anayelala nyuma ya milango hiyo.

Nyumba hizi zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Kila nyumba ilikuwa ya ukoo mmoja. Leo chumba hukatwa kwa plaiwudi, kila kipande na mpangaji wake, dirisha likabaki kwa jirani. Ukuta ukibanduka hupigwa saruji. Saruji haipumui kama chokaa: unyevu hufungiwa ndani, chumvi hula jiwe, na ncha za boriti zilizozama ukutani huoza. Mpangaji huona rangi inayomenyeka na kusikia kikohozi cha mtoto. Kinachooza juu ya kitanda chake hakioni.

Jengo la kale huweza kuanguka hata likiwa na watetezi: jumba la Beit al-Ajaib la Zanzibar, lililomo katika Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO tangu 2000, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini, na watu wakafa. Lile lilikuwa jengo linalotazamwa na dunia nzima.

Siwalaumu wenye nyumba wote. Nyumba nyingine ni mirathi, warithi wametawanyika hadi Uarabuni, na kodi ya vyumba vichache haimlipi fundi wa chokaa. Anayepata pesa za kukarabati huona heri ampangishe mtalii kwa usiku. Mpangaji wa mwezi atashika sheria gani? Sura ya 296 ya Sheria za Kenya, inayodhibiti kodi za nyumba, humlinda ambaye kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nionyeshwe chumba cha bei hiyo karibu na ngome ya Fort Jesus.

Kubadili sheria hiyo ni kazi ya Bunge. Lakini Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti jukumu la makazi. Kaunti itoe chokaa, boriti na fundi kwa mwenye nyumba atakayekubali kuweka wapangaji wa mwezi kwa kodi ya makubaliano, kwa miaka kadhaa, kwa mkataba ulioandikwa kwa Kiswahili. Dari zikaguliwe kabla ya masika, na anayehamishwa kwa ukarabati awe na haki ya kurudi.

Anza na nyumba za wakfu, Mheshimiwa. Zilitolewa kwa ajili ya watu, na Tume ya Wakfu iko hapo hapo Mombasa. Mnaweza kuketi nayo wiki hii.

Wako,
Mzazi, Chewele